Picha 612 na maneno ya Nkambo: kisa cha sanduku la Katuba

Mwezi wa sita mwaka 2023, siku tatu kabla ya familia moja ya mtaa wa Katuba kukutana kuondoa matanga, mjukuu wa marehemu aliingia dukani kwangu na diski ya nje mkononi. Alitaka nimchapie picha 40 za Nkambo, kila moja na maelezo yake chini, zitundikwe ukutani siku hiyo. Nkambo ndivyo tunavyowaita babu na bibi zetu huku Lubumbashi. Huyu nilimfahamu vizuri. Picha zake zote 612 niliziskani mimi mwaka 2018, naye alikaa kando yangu Jumapili saba mfululizo, kitambaa cha miwani mapajani, akisema nani ni nani huku mjukuu akiandika.

Nilichomeka diski. Picha zilikuwepo zote, hakuna hata moja iliyoharibika. Nikafungua sehemu ya maelezo ya picha ya kwanza: tupu. Ya pili: tupu. Nilipofika ya hamsini nilisimama, nikamtazama yule kijana, naye alikuwa ameshaelewa. Nkambo alizikwa mwaka mmoja kabla.

Naeleza kisa hiki chote, pamoja na yale niliyoyakosea mwenyewe, kwa sababu naona familia nyingi za mji huu zinaanza kuskani masanduku yao, na wengi wanaamini kwamba wakishaandika maneno chini ya picha kwenye kompyuta, maneno hayo yamo kwenye picha. Mara nyingi hayamo.

Sanduku lenyewe

Ni la bati, la kijani, kama yale ambayo vijana walibeba kwenda shule ya bweni. Mume wa Nkambo alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, akaendelea hata baada ya Serikali kuichukua kampuni mwanzoni mwa 1967, ikaja kuitwa Gécamines. Kwa hiyo picha zinafuata maisha ya kambi ya wafanyakazi: harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, timu za mpira, watoto waliopangwa kwa urefu mbele ya nyumba za matofali, na juu ya mapaa, mara kwa mara, ile dohani ndefu ya kiwanda ambayo kila mtu wa Lubumbashi anaijua. Nyingi ni za sentimita 9 kwa 13, zenye ukingo uliokatwa meno-meno. Chache ni ndogo kama kiganja cha mtoto.

Tarehe hazikuandikwa mara nyingi, lakini sanduku lina namna yake ya kutaja mwaka. Nyuma ya picha kukiwa na mhuri wa Élisabethville, unajua inatangulia 1966, mwaka mji ulipopewa jina la Lubumbashi, au haijapita mbali. Jadotville ni Likasi ya leo. Shaba, kwa maana ya jimbo la Katanga, ni neno la wakati wa Zaïre. Mwanaume aliyevaa abakosi mahali pa koti na tai umemwona katika miaka ya Mobutu. Picha moja ina vijana wenye bendera ya Englebert, jina la zamani la TP Mazembe, timu iliyochukua kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na tena 1968. Nkambo alisema ni furaha ya kombe la pili, kwa sababu mtoto aliyebebwa mgongoni pembeni kulia alikuwa hajazaliwa wakati wa la kwanza.

Bendera na abakosi mtu mwingine anaweza kuzisoma hata miaka 30 ijayo. Mtoto wa mgongoni hakuna ambaye angemsoma. Na kuna mambo ambayo mgeni angeyasoma vibaya kabisa. Nyuma ya picha moja kuna maandishi ya kalamu ya risasi: “Albert, 1958.” Mjukuu alianza kuandika kwamba mwanaume aliyesimama katikati ni Albert. Nkambo akamgusa mkono.

“Albert haiko muntu,” alisema. “Ni kule ku Kamalondo, kitambo tulikuwa tunaita vile.”

Ni kweli, Kamalondo ilibeba jina la Albert wakati wa Wabelgiji. Yule wa katikati alikuwa mpangaji wao, fundi wa baiskeli. Mjukuu akafuta, akaandika upya. Maneno hayo ya pili, yaliyosahihishwa na mtu aliyekuwepo, ndiyo tuliyoyapoteza.

Mahali maneno yalipokuwa

Programu niliyoitumia inapendeza kufanya nayo kazi: picha kubwa katikati, chini yake kisanduku cha kuandikia. Ukiandika, maneno yanabaki. Ukifunga na kufungua tena, yapo. Hapo ndipo tulipodanganyika. Maneno hayakuingia kwenye faili la picha hata siku moja. Programu iliyaweka kwenye katalogi yake, yaani faili moja la hifadhidata lililokaa kwenye folda nyingine kabisa, na humo kila maelezo yalifungwa kwa picha yake kwa kamba moja: jina la faili na folda lilimo. Kwenye mipangilio kulikuwa na mahali pa kuweka alama ili programu iyaandike maelezo ndani ya mafaili pia. Palikuwa hapana alama. Ukurasa ule sikuufungua, na kuufungua ilikuwa kazi yangu.

Mwaka 2021 mjukuu alinunua kompyuta mpya. Alinakili folda ya picha, akaona majina kama IMG_0213 hayasemi kitu, akayabadilisha yote yaanze na jina la Nkambo. Kompyuta ya zamani ikafutwa, ikauzwa. Siwezi kumlaumu, alifanya kile ambacho mtu mwangalifu angefanya. Picha zilihama naye, katalogi ikabaki kwenye kompyuta ile na kufutwa nayo. Na hata kama katalogi ingenusurika, majina mapya yalikuwa yameshakata ile kamba.

Inafaa kueleza hapa kilichomo ndani ya faili la picha, kwa sababu ukilielewa hili, mengine yote unayapata mwenyewe. Katika faili la JPEG, kabla ya pikseli kuna vyumba vidogo vya maandishi, kila kimoja hakizidi kilobaiti 64, na programu inaweza kuandika humo bila kugusa pikseli hata moja. Kwa hiyo hofu kwamba kuandika maelezo kunapunguza ubora wa picha haina msingi, mradi programu inaandika kwenye vyumba hivyo tu na haihifadhi picha upya.

Humo ndani kuna mitindo mitatu iliyozoeleka. EXIF ilitoka kwa watengenezaji wa kamera wa Japani katika miaka ya 1990. Inajua zaidi tarehe, saa na aina ya mashine. IPTC ni ya watu wa magazeti na mashirika ya habari, ambao walitaka picha isafiri kutoka meza hadi meza ikiwa na maelezo yake na jina la mpiga picha. XMP ililetwa na Adobe mwaka 2001, na mwaka 2012 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO; inapokea herufi za lugha zote na maelezo marefu bila shida. TIFF, aina nyingine ya faili la picha, nayo inaweza kubeba mitindo yote mitatu. Faili lililoandikwa hivyo unaweza kulihamisha, kulipa jina jipya, kulitia kwenye flash na kulipeleka Kolwezi, na maelezo yanakwenda nalo.

Kuna pia faili la pembeni: faili dogo la maandishi lenye jina la picha na kiendelezi cha .xmp, linalokaa kando yake. Wapiga picha wanalitumia sana kwa mafaili ghafi ya kamera, ambayo wengi hawapendi kuyagusa. Kwa picha za familia silipendekezi kama hifadhi pekee. Mtu anayenakili picha kwa haraka anachagua zile anazoziona, na lile la pembeni analiacha.

Kuyatafuta

Usiku ule wa kwanza tulipata bahati moja. Mwaka 2019, Nkambo alipotimiza miaka 80, mjukuu alikuwa ametoa picha 41 kutoka kwenye ile programu na kumtumia shangazi yake kwa barua pepe. Programu nyingi zinapotoa nakala ya picha huwa zinaandika maelezo ndani ya nakala hiyo, hata kama faili la asili zililiacha tupu. Barua pepe nayo haikigusi kiambatisho. Shangazi alizirudisha saa nne za usiku, nikafungua ya kwanza, na maneno yakatokea. Nilisoma kwa sauti. Mjukuu aliomba nisome tena.

Hizo 41 ndizo tulizochapa. Watu walizisoma ukutani Jumamosi, wengi wakidhani nyingine zote ziko hivyo.

Wiki iliyofuata, katika bahasha ya risiti za 2018, nilikuta flash niliyokuwa nimeisahau. Ile programu ilikuwa na desturi ya kuuliza, ukiifunga, kama inakili katalogi yake. Baada ya Jumapili ya nne nilikuwa nimekubali na kuiweka nakala pale. Katalogi za programu nyingi za picha ni hifadhidata za aina ya SQLite, na hizo zinafunguka kwa DB Browser for SQLite, programu ya bure. Ndani nilikuta jedwali lenye maelezo ya picha 388, kila mstari ukiwa na jina la faili. Majina ya zamani. IMG_0213, IMG_0214. Kwenye diski ya mjukuu hakukuwa na jina hata moja la namna hiyo. Tulikuwa na rundo la maneno na rundo la picha, na hakuna cha kusema lipi ni la ipi.

Kilichotuokoa ni kitu ambacho watu wengi hukiona kama uchafu. Skana yangu iliandika ndani ya kila faili, kwenye chumba cha EXIF, tarehe na saa ya kuskani hadi sekunde. Ukitazama picha ya harusi ya zamani, kompyuta inakuambia ni ya 2018, saa tisa na dakika kumi na nne alasiri. Mjukuu alikuwa amefikiria kuzirekebisha tarehe hizo zote; namshukuru Mungu hakupata nafasi. Katalogi nayo ilikuwa imeitunza saa hiyohiyo kwa kila mstari. Kila picha ilichukua karibu sekunde 40 kwenye kioo cha skana, na niliziskani moja moja, kwa hiyo hapakuwa na picha mbili zenye sekunde moja. Tuliweka orodha mbili sambamba tukazifunga kwa saa. Picha 371 zilipata maneno yake. Zilizobaki 17 zilikuwa zimenyooshwa na kukatwa kingo kwa simu, na simu ilipohifadhi faili jipya haikubeba ile saa.

Tangu siku hiyo nimebadili nilivyokuwa nikiwaambia watu kuhusu tarehe. EXIF ina nafasi mbili tofauti, moja ya siku picha ilipopigwa na nyingine ya siku ilipoingizwa kwenye kompyuta. Ya pili iacheni kama skana ilivyoiandika. Mwaka wa picha wenyewe wekeni kwenye XMP, ambako unaruhusiwa kuandika “1958” peke yake, bila kubuni mwezi na siku ambazo hakuna anayezijua.

Jumapili tatu za mwisho hazikuwamo kwenye flash. Lakini siku hizo mjukuu alikuwa ameweka simu mezani irekodi, kwa sababu Nkambo alianza kusimulia marefu na vidole vya kijana havikumfikia kuandika. Saa tano na zaidi za sauti. Nilidhani hapo kazi imekwisha, kumbe kusikiliza ndiko kulikuwa kugumu kuliko yote. Nkambo anasema “uyu”, “ule mwenye kofia”, “aba bawili”, na kidole chake hakisikiki. Pale ambapo mjukuu alitaja namba ya bahasha kabla ya kuanza, tulikuwa salama. Pale ambapo hakutaja, tulitafuta kofia. Tulisikiliza jioni kumi na moja. Picha 96 tulizifunga na maneno yake bila shaka yoyote, 40 kwa kukisia.

Zile 41 za barua pepe ziliongeza 12 ambazo hazikuwa kwingine. Migongo ya picha iliongeza 44, nayo haikupatikana kirahisi, kwa sababu baada ya mazishi watoto wanne waligawana picha za karatasi, na mmoja alikuwa ameshazibandika kwenye albamu kwa gundi. Mwaka 2018 sikuskani migongo. Ingenichukua siku mbili za ziada.

Kwa jumla: 523 zina maneno ya hakika, 40 ya kukisia, 49 hazina kitu.

Kuyaandika mahali panapostahili

Kabla ya kugusa faili lolote tulitengeneza orodha kwenye jedwali la kawaida. Kila picha na namba yake, maelezo, aliyesema, siku aliyosema, na neno moja la kiwango: hakika, au kukisia. Safu ya “aliyesema” niliipigania. Wajukuu waliona ni kujaza nafasi bure, kwani kila kitu kilisemwa na Nkambo. Lakini zile za kukisia ni sisi tuliozisema, na baada ya miaka 20 hakuna atakayetofautisha sauti yake na ya kwetu kama haikuandikwa.

Katika kusafisha orodha ndipo tulipogundua tatizo la mkono. Kwenye picha moja ya akina mama sita Nkambo yumo mwenyewe, wa tatu. Maelezo yalisema dada yake yuko kuume. Kuume kwetu sisi tunaotazama kuna mwanamke mrefu mweusi sana. Upande wa pili kuna mfupi mwenye uso kama wa Nkambo. Tukarudi kwenye sauti. Alikuwa amesema: “Ku mukono yangu ya kuume.” Alijiona mle ndani, amesimama, na mkono wake wa kuume uko kushoto kwetu. Tulipitia picha zote alizomo, tukakuta tisa zilizogeuzwa hivyo. Sasa kila maelezo yenye watu yanaanza na maneno “Kuanzia kushoto kwa anayetazama”.

Kuingiza maneno ndani ya mafaili tulitumia ExifTool, programu ya bure ambayo Phil Harvey wa Kanada aliianza mwaka 2003. Haina vitufe vya kubofya; unaiandikia amri. Lakini ina sifa ambayo kwa kazi hii haina mbadala: inasoma jedwali zima na kuyatia maelezo ya mamia ya picha kwa mara moja. Safu ya kwanza iitwe SourceFile na iwe na majina ya mafaili, safu nyingine zibebe majina ya vyumba, kisha unaandika:

exiftool -csv=orodha.csv picha

Kila faili inaloligusa inaacha nakala ya asili kando yake, yenye neno “_original” mwishoni mwa jina. Msizifute nakala hizo mpaka mmekagua.

Mara ya kwanza tulikagua tukashtuka. Mahali pa Zaïre palikuwa na ZaÃ¯re, na Élisabethville ilianza na Ã‰. Orodha ilikuwa imefunguliwa kwa usimbaji wa zamani wa herufi, ule unaosoma kila baiti kama herufi nzima, ilhali katika UTF-8, usimbaji wa siku hizi, herufi yenye alama juu inachukua baiti mbili. Kisha ikahifadhiwa hivyohivyo. Kwa watu wa Congo, ambao majina yetu yamejaa alama za Kifaransa, hili litawapata wote. Fungueni jedwali kwa kuchagua UTF-8, na lihifadhiwe kwa UTF-8. Kwa upande wa IPTC, ambayo ni ya zamani zaidi, mwagize ExifTool aandike pia alama ya kwamba herufi ni za UTF-8 (chumba kinaitwa CodedCharacterSet), la sivyo programu nyingine itabahatisha.

IPTC ilitukata mahali pengine. Picha ya harusi yenye watu 31, wote wakiwa na majina na undugu wao, ilivuka mpaka. Nafasi ya maelezo ya IPTC inaishia baiti 2,000, na maneno yalikatika katikati ya jina la mtu wa 27. Kwenye XMP yaliingia yote. Tunaandika kote kuwili, kwa sababu programu nyingine zinasoma hiki na nyingine kile, lakini XMP ndiyo tunayoihesabu kuwa kamili.

Nilipata nafasi ya kuskani upya picha ambazo karatasi zake zilirudi, safari hii mbele na nyuma, kwa nukta 600 kwa inchi, kwenye TIFF. Picha ya sentimita 9 kwa 13 inatoa pikseli kama 2,126 kwa 3,071, karibu megabaiti 20. Picha 612 za namna hiyo ni gigabaiti 12 hivi, zinaingia kwenye flash ya kawaida ya dukani. Mwaka 2018 nilihifadhi JPEG peke yake nikiogopa nafasi.

Yanapotoka nyumbani

Familia zetu hazitumiani TIFF. Zinatumiana kwenye WhatsApp, na hapo maneno yanapotea tena: ukituma picha kama picha, inafinywa na vile vyumba vya maelezo vinafutwa. Tulijaribu mbele ya familia nzima, simu moja kwenda nyingine, ili waone kwa macho. Tukatuma faili lilelile kama hati, likafika kamili na maneno yake. Lakini hakuna shangazi atakayekumbuka kuchagua “hati” kila mara. Kwa hiyo tulitengeneza seti ya tatu: nakala ndogo zenye ukanda mweupe chini, na maelezo yamechapwa juu ya ukanda huo kama sehemu ya picha. Hizo zizunguke zitakavyo. Kila ukanda una namba ya picha, kwa hiyo nakala iliyosambaa inaweza kurudishwa kwenye faili lake.

Si kila alichosema Nkambo kiko kwenye ukanda. Familia hii ina upande wa Kasai, na kuna picha za jamaa walioondoka Likasi kwenye fukuza-fukuza ya watu wa Kasai ya 1992 na 1993, na kuna majirani waliotajwa kwa walichofanya siku zile. Wengine wako hai, watoto wao wanasalimiana na watoto hawa barabarani. Tulikaa na yaya mkubwa wa familia (yaya kwetu ni ndugu mkubwa) tukaamua: maneno hayo yamo kwenye orodha moja inayotunzwa naye, na ndani ya mafaili kuna sentensi fupi tu kwamba maelezo zaidi yapo. Ukishapachika maneno kwenye faili huna tena uwezo wa kuyaita yarudi. Nadhani tuliamua vizuri.

Mafaili sasa yako sehemu tatu, kwa yaya Katuba, kwa mjukuu, na kwa shangazi Kolwezi, pamoja na orodha iliyochapwa kwenye karatasi na kufungwa kwa kamba ndani ya sanduku la bati. Mara mbili kwa mwaka mjukuu anachukua picha kumi bila kuchagua, anazifungua kwenye kompyuta ya mtu mwingine, kwa programu nyingine, na kutazama kama maneno yapo. Mwezi wa kwanza yalikuwepo kwenye zote kumi.

Zile 49 tumezichapa kwa ukubwa wa daftari, namba pembeni, nafasi ya kuandika chini. Zimepita Ruashi na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi. Mwezi uliopita zilikuwa Kipushi kwa mama mmoja aliyesoma na Nkambo. Alizigeuza moja moja, akasimama kwenye ya 447: wasichana watatu wamekaa juu ya ukuta mfupi, viatu mkononi. Akaweka kidole kwa wa kwanza kushoto, akanyamaza, kisha akauliza kama tuna kalamu.